Nyumbani Ipi?

Mume wangu ni fundi friji, na majirani wamembatiza Kiguu na Njia. Hatulii. Hata kompyuta ya mezani pale sebuleni ameigawa vipande vipande, kila kipande na mfumo wake wa kuiendesha: kaweka Ubuntu, kaongeza Debian, akaona haitoshi, akaleta Fedora, na mwingine ambao kila nikiuliza una jina jipya. Ukiiwasha inakuuliza unataka kuingia upi. Mimi nataka kuandika tu, jamani.

Nilikuwa naandika mchezo wa redio, wa kwanza kukubaliwa tangu nianze kujaribu. Sehemu zote tatu zilikuwa tayari, na redio waliutaka kesho yake asubuhi.

Mchana nikiwa kazini, duka la dawa, wateja wamejazana dirishani, akanipigia simu.

"Mke wangu, nataka kusafisha kile kipande chako cha diski, niingize mfumo mwingine. Mchezo wako umeuweka wapi?"

"Uko Nyumbani."

"Una hakika?"

"Nimeshakwambia, Nyumbani! Nina watu hapa."

Nikakata. Sasa, ule mfumo ninaoutumia mimi niliupanga kwa Kiswahili, na folda yenye mambo yangu yote inaitwa Nyumbani. Yeye, ambaye yake yote ni ya Kiingereza na folda hiyo huiita Home, akaelewa nyumbani hapa penye paa na mlango, yaani kwenye ile flashi yangu ya droo ya kabati. Akafuta kipande changu kwa roho safi.

Niliporudi nilimkuta anaizunguka meza, mara akae, mara asimame.

"Flashi ina picha za harusi ya dada yako tu," akasema kabla sijavua viatu.

Tukafungua mfumo mmoja baada ya mwingine, nikiomba niwe nimehifadhi nakala mahali. Kote kulikuwa na nyumbani, na kote hakukuwa na kitu changu.

"Una nyumbani nne," nikamfokea, "na mimi sina hata moja!"

Nikavuta kibodi nikaanza upya. Nilikumbuka yule mama mkwe wa mchezo anaingia bila hodi. Anachosema kilikuwa kimenitoka kabisa.

"'Nimekuja kumchukua mwanangu, sikuja kunywa chai,'" sauti ikasema nyuma yangu.

Nikageuka. "Umejuaje?"

"Si huwa unasoma kwa sauti? Halafu mkwewe anamjibu, 'Mchukue, ila na nguo zake chafu.' Hapo huwa nacheka mpaka bisibisi inanidondoka."

Miezi yote niliyokuwa naandika nilidhani nazisomea kuta, na yeye kichwa chake kiko kwenye nyaya. Nilitaka kulia, na hasira ilikuwa bado haijaisha.

"Vuta kiti," nikamwambia. "Endelea."

Akakaa mpaka sehemu ya tatu ikaisha. Pale alipokosea, nikaandika vilevile alivyosema.