Mtu wa Nne

Asubuhi ile Yati alikuwa amechuchumaa uani anasugua kijiti cha thanaka kwenye jiwe lenye maji, anajipaka mashavuni ule uji wake wa manjano, na huku midomo inamchezacheza.

"Dada Kay Thi awe salama. Dada Kay Thi awe na raha. Dada Kay Thi asipatwe na baya."

Mara ya kumi, mara ya ishirini. Wapi! Kifuani hakuna kitu.

"We Yati, unaongea na nani huko?" Mama yake, Daw Nyo, aliuliza kutoka barazani, anapowapakulia wateja mohinga, tambi za mchuzi wa samaki.

"Na mtu, mama."

"Na mtu! Mwaka mzima hata kuku wangu hawaijui sauti yako, leo ndio unaongea na mtu?"

Wateja wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni jirani yao, Daw Ohn Kyi, mwanamke mwenye mdomo unaofika mahali kabla ya miguu.

"Mwache Bubu wetu aongee! Na yule mkubwa je? Kapiga simu?"

"Ana kazi nyingi," Daw Nyo akasema.

"Kazi! Huyo kashapata Mthai wake, kawasahau."

Daw Nyo alikoroga tu mchuzi ambao haukuwa na haja ya kukorogwa. Kay Thi alikuwa Thailand, kwenye kiwanda cha kumenya kamba wa baharini, na alikuwa hajapiga simu miezi miwili.

Shule zilikuwa zimefungwa, na kama watoto wengi wa mji wao, Mudon, Yati alipelekwa kwa watawa wa kike wa Kibudha kujifunza kukaa na kutafakari. Wao walikuwa kumi na wawili, na mwalimu wao mtawa mzee wa kanzu ya rangi ya waridi, kichwa kimenyolewa, waliyemwita Sayalay. Unakaa, unafumba macho, unatuma wema. Kwanza kwako mwenyewe. Wa pili yule unayempenda. Wa tatu yule usiye na habari naye, kwa mfano muuza barafu. Wa nne ndiye kazi: mtu aliyekuudhi. Unamwombea mema mpaka kifua kipate joto kwa ajili yake.

"Ila msichague marehemu," Sayalay aliwaambia siku ya kwanza. "Aliyekufa kashahama, hatujui kazaliwa wapi tena. Utakaa hapo unabisha hodi mpaka miguu ife ganzi, na ndani hakuna wa kuitika."

"Na kuku je, Sayalay?" mvulana mmoja akauliza.

"Kuku mzima sawa. Uliyemla jana, umechelewa."

Watoto wakaangua kicheko. Yati hakucheka, maana alishamchagua mtu wake wa nne: Kay Thi.

Sababu ilikuwa daftari. Mwaka jana, siku mbili kabla ya sikukuu ya taa, Kay Thi alilikuta daftari la Yati chini ya mkeka, lile analoandikia mambo ambayo mdomo wake hauwezi kuyatoa, akawasomea wageni kwa sauti ya kuigiza. Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Yati alitamani ardhi immeze.

Sasa jioni ya sikukuu, kama kila mwaka, wadogo wanawapigia magoti wakubwa wao. Unaweka paji la uso chini, unaomba msamaha kwa ulichokosa kwa mwili, kwa mdomo na kwa moyo, na huinuki mpaka mkubwa akujibu kwa baraka. Kay Thi alikaa mkekani, nywele kazikosha, anamsubiri mdogo wake. Yati akaingia jikoni akafunga mlango.

Kay Thi alikuja akagonga. "Haya bwana. Utanipigia magoti nikirudi." Alikuwa anacheka, lakini kicheko hakikuwa na nguvu. Siku ya tatu akapanda gari la Thailand.

Darasani, wenzake Yati walilipata hilo joto haraka. Yule mvulana wa kuku alisema siku ya pili tu kwamba ameshampenda mwalimu wa hesabu. Yati siku ya tano hola, siku ya nane hola. Alijua ni hasira. Halafu, usiku wa kuamkia ile asubuhi ya thanaka, aliitafuta hasira yenyewe asiione. Daftari lilikuwa limeshakuwa kichekesho. Alichokikosa ni makelele ya Kay Thi tu. Basi kama hasira haipo, kinachozuia ni nini?

Hapo ndipo yalipomrudia maneno ya Sayalay: ndani hakuna wa kuitika.

Kwa hiyo darasani siku ile, siku ya tisa, alifanya mtihani wake mwenyewe. Akamtoa Kay Thi, akamweka Daw Ohn Kyi. Akaiona miguu yake iliyovimba. Akakumbuka kwamba anakuja kula kwao kila asubuhi kwa sababu kwake hakuna mtu wa kula naye. Udi wa kupimia muda haujafika nusu, kifua kikajaa joto, machozi yakamtoka. Daw Ohn Kyi, wa kumwita yeye Bubu! Akamgeukia Kay Thi haraka, joto likiwa bado lipo.

Likazima.

Yati aliomba iwe ni ubaya wake. Nina roho mbaya, alijiambia, mimi ni mtu mbaya kabisa, na iwe hivyo.

Wenzake walipoondoka alibaki. Sayalay alikuwa anafagia.

"Sayalay, isipokuja siku tisa?"

"Ni hasira. Ina mizizi hiyo."

"Na kama hasira imeisha?"

Ufagio ukasimama. "Mtu wako ni nani?"

"Dada yangu. Yuko Thailand. Hapigi simu."

"Mwanangu, yale nilifundishwa, na mimi nikawafundisha. Sikuwapa kipimo cha kupimia watu."

"Lakini yuko hai?"

"Sijui."

"Nifanye nini?"

"Kesho ukae tena."

"Na isipokuja?"

"Sijui, Yati," mtawa akasema, akaendelea kufagia mahali palipokuwa safi tayari.

Nyumbani alimkuta mama yake anafunga samaki wakavu kwenye gazeti. Kuna mtu wa mtaa wa pili anavuka mpaka keshokutwa, atampelekea Kay Thi.

"Niweke na pilipili? Au atakuwa kashazoea za huko?"

"Weka, mama," Yati akasema.

"Umekuwaje? Umelia?"

"Thanaka imeingia machoni."

Aliichukua simu ya mama akaenda nayo jikoni, akafunga mlango uleule. Akafungua meseji. Umekula, mwanangu? Umekula? Mvua huko? Umekula? Ujumbe kumi na nne wa mama, kila mmoja na tiki moja, haujamfikia.

Akaandika: Dada, nimekupigia magoti. Nilichokukosea kwa mwili, kwa mdomo na kwa moyo, nisamehe. Daftari liko palepale, ukirudi soma lote. Niite Bubu. Niite chochote.

Akatuma. Akailaza simu sakafuni mbele yake, akapiga magoti, akaweka paji la uso chini.

Tiki moja.

"Yati!" mama aliita kutoka barazani. "Hiyo simu usiishikilie, dada yako asije akapiga akakosa!"

"Nakuja, mama," akasema, paji la uso likiwa bado sakafuni.