Kimya cha Honi

Kaka yangu hufundisha mbwa wa ulinzi, na kazi hiyo anaiweza kweli, ndiyo maana yaliyotupata yakatupata. Mtu asiyejua kazi asingefanikiwa vile.

Hapigi mbwa. Wenye mbwa wakimletea jibwa lililowashinda, yeye huingia nalo uwanjani akiwa na mfuko wa vipande vya nyama kiunoni. Likifanya jambo analolitaka, hulilipa kipande papo hapo. Likifanya upuuzi halikemei. Hugeuza uso tu, kana kwamba halipo. "Mkono mtupu haulambwi, dada," huniambia. "Tabia inayolipwa hukua. Isiyolipwa hufa yenyewe." Aliyasoma hayo chuoni, walipokuwa wakifundisha panya kubonyeza kijiti ili wapate punje. Niliwahi kumuuliza kama na yeye siku ya mahafali alipewa punje. Hakucheka.

Binti yake tulimwita Honi, kwa sababu akilia mtaa mzima ulijua. Wifi yangu alipopelekwa na kazi mji mwingine kwa miezi kadhaa, nilihamia kwa kaka kumsaidia kulea, na Honi akaanza kulia kila jioni akilazwa. Baba yake anaingia, anambembeleza, anatoka. Mtoto anaanza upya. Kaka akasema tunamlipa kwa kulia. Tangu hapo mlango ukawa unafungwa. Akilia, haingii mtu. Akinyamaza, kaka anafungua, anasema "Vizuri!", anamkumbatia na kumpa biskuti. Baadaye akawa anangoja kimya kirefu zaidi ndipo afungue.

Kilio kilizidi kabla ya kupungua. Jioni moja nilinyanyuka kwenda mlangoni, kaka akanishika mkono.

"Ukimjibu sasa, umemfundisha kwamba akizidisha atajibiwa. Kiache kife."

"Mbwa na mtoto ni vitu viwili, kaka."

"Kujifunza ni kule kule."

Nilirudi kukaa, shingo upande. Na kweli kilio kikafa. Honi alianguka akachubuka goti, akanyamaza. Alibanwa kidole na mlango, akanyamaza, machozi yakimlengalenga tu. Kaka akawa anawasimulia wateja. Mimi moyo ulinishtuka kidogo, lakini nyumba iliyotulia ni tamu, asikudanganye mtu.

Siku yenyewe nilikuwa naanika nguo upande wa mbele. Uwanja wa mbwa uko nyuma ya nyumba: safu ya vibanda vya waya, stoo ya chakula mwisho wa safu, na shimo la maji machafu kwenye kona. Jua lilikuwa utosini. Kaka alikuja akijifuta jasho, akaniomba maji ya kunywa.

"Honi amelala?" akauliza.

"Si yuko na wewe?"

Tulitazamana. Nyumba nyingine mtoto akipotea, kimya ndicho humtonya mama yake. Kwetu kimya kilikuwa kimegeuka habari njema, na hatukujua kilikuwa kimeanza lini.

Tulipekua chini ya vitanda, ndani ya kabati, nyuma ya mapipa. Geti dogo lilikuwa wazi. Nilikimbia barabarani peku, nikamuuliza fundi cherehani wa ng'ambo. Hakuwa amemwona mtoto yeyote. Niliporudi kaka alikuwa amelala kifudifudi kwenye ukingo wa shimo, mfuniko kausukuma kando, anamulika chini kwa tochi. Sikuthubutu kusogea.

"Hayupo humu," akasema, nami nikaketi chini palepale kwenye vumbi.

Tukaanza kuita. Honi! Honi, mama, itika! Mbwa nao wakapandwa na wazimu, wakabweka hadi nisijisikie mwenyewe. Niliingia stoo. Magunia yalikuwa yamekwisha, tulikuwa tunangoja gari la chakula. Palikuwa na friza mbovu tu tunayohifadhia chakula cha mbwa, panya wasikifikie, komeo lake limefungwa. Niliiegemea, nikaita jina lake mpaka sauti ikanikauka. Hakuna aliyeitika. Nikatoka.

Kaka alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono imemlegea. Sijawahi kumwona na uso ule, hata siku ya msiba wa baba.

"Hataitika," akasema.

"Usiseme hivyo!"

"Popote alipo, dada, hataitika. Kama amefungiwa mahali, anatusikia na anangoja."

Nilimwelewa. Tungeweza kuita hadi jua lizame. Kadiri tulivyoita ndivyo alivyozidi kujibana.

Kaka aliwageukia mbwa, akapaza sauti mara moja: "Kimya!" Wakanyamaza wote, maana hao nao walikuwa wamefundishwa. Tukabaki tunasikiliza. Hapakuwa na sauti yoyote, ila mabati yakilia kwa joto. Nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, bila mpangilio.

Kisha mbwa wa vibanda vya mwisho wakanyanyuka. Walisogea kwenye waya, pua zimeelekea stoo, mikia inatikisika, mate yanawadondoka.

"Mbona wanadai chakula?" kaka akasema, na kabla sijajibu alikuwa ameshatimua mbio.

Mbwa wale hutokwa na mate kwa sauti moja: komeo la friza likigonga chuma kabla ya kulishwa. Wao walikuwa wameisikia, sisi hatukuisikia. Na wakati huo hakuna kati yetu aliyekuwa ameigusa friza ile.

Mfuniko ulikuwa umeanguka, komeo likajifunga. Kaka alilivuta likamchana kiganja. Honi alikuwa amejikunja ndani, amelowa jasho chapachapa, midomo imepauka, kisigino kimegusa mfuniko. Macho yalikuwa wazi. Panya niliowalaani mwaka mzima walikuwa wametafuna mpira wa pembeni, na kwa tundu hilo ndipo alipokuwa akivutia hewa.

Kaka alimtoa, akaketi naye sakafuni. Mtoto alihema, akahema tena. Nilimpangusa uso kwa kanga yangu.

"Mbona hukuitika, mama?" kaka akamuuliza. "Hukutusikia?"

"Niliwasikia." Sauti ilikuwa ndogo, kavu. "Nilinyamaza vizuri. Nikanyamaza sana. Mbona hukufungua?"

Mwili wa mtoto ulikuwa unatetemeka wote, kidevu kinacheza, na bado hakutoa sauti. Alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyake viwili.

"Lia, mwanangu," kaka akambembeleza. "Lia tu. Lia kwa nguvu, baba yupo."

Honi alimkagua usoni, kama anayetafuta kosa lilipojificha. Aliteremsha viganja kidogo.

"Nikilia utaondoka?"

"Hapana," kaka akasema. Akarudia, "Hapana, mama, siondoki," huku yeye mwenyewe akibubujikwa machozi.

Mtoto alimtazama akilia. Kisha akarudisha viganja mdomoni, akasogea pembeni kidogo, akangoja baba yake anyamaze.