Mti Niliokataa Kuufungia Nje

Kushukuru si kazi niliyoizoea. Kazi niliyoizoea ni kulalamika, na hiyo naifanya vizuri, kwa sauti, bila karatasi mkononi. Kiwandani walinibandika jina la Kipaza kwa sababu hiyo, na jina limening'ang'ania hata baada ya kiwanda chenyewe kunitema. Kwa hiyo mkiona leo naandika shukrani, nivumilieni. Natembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ni fundi cherehani. Anakaa chini, sisi tunakaa juu yake, na mashine yake ikinguruma vikombe vyetu hucheza kabatini. Kwa miaka ishirini na miwili amefuga mti wa mepo, mti wa nchi za baridi, ndani ya chungu kipana, kifupi kama sinia. Bonsai, ndivyo waitavyo miti ya namna hiyo. Ni mti kamili, shina limezeeka na kupinda, mizizi imeshika udongo kama vidole vya mpangaji aliyekataa kuhama, lakini kimo chake ni chupa ya maji. Majani yake ni viganja vya mtoto mchanga. Yakizaliwa ni mekundu, yakikomaa ni ya kijani, na baridi ikinusa mlangoni yanakuwa mekundu tena, kisha yanapukutika. Shemeji anamwita Kibushuti.

Huyu shemeji, miezi minne tulipofungiwa nje ya kiwanda, wanangu walikula mezani kwake mchana na jioni, na mpaka leo hajawahi kunikumbusha. Nakumbuka mwenyewe. Mimi sisahau kitu, mazuri wala mabaya, ingawa mabaya ndiyo huwa nayashika mkia kwanza.

Nyonga ilipomshinda, akapangiwa kupasuliwa katika mji anakokaa binti yake, na kuuguzwa huko miezi mitatu. Asubuhi ya safari alipanda ngazi zetu, hatua moja kisha pumzi, hatua moja kisha pumzi. Mimi nikamfuata nyuma na chungu.

"Shemeji, wewe unashinda nyumbani na hizo redio unazotengeneza," alisema. "Kibushuti nakuachia wewe."

"Si umwachie mdogo wako?"

"Mdogo wangu anatoka kwa dobi hajiwezi. Wewe unachoka mdomo tu."

Mke wangu akacheka kwa kuficha uso ndani ya kanga. Nikaweka chungu kwenye roshani.

"Sikiliza basi," shemeji akasema. "Gusa udongo kwa kidole. Ukikauka juu, mwagilia. Haujakauka, mwache. Majani yatapukutika yote, usishtuke. Na abaki hapahapa nje, baridi na yote. Usimwonee huruma."

"Kwenye baridi hii?"

"Ndiyo usingizi wake. Na ukikwama, nenda kwa mzee wa kitalu cha miche, kule nyuma ya kiwanda. Ndiye aliyenifundisha."

 Mzee wa kitalu namjua. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa navuka barabara nikimwona.

Ngoja nieleze. Tulikuwa tunafuma blanketi. Blanketi nzito, nzuri, na wengi wetu tulilala tumejifunika magunia. Lakini hatukugoma kwa ajili ya magunia. Tuligoma kwa sababu vidole vya wenzetu watatu vilibaki kwenye meno ya mashine, na mabwana wakasema vikinga vya mashine vitapunguza kasi. Nilizunguka na karatasi, watu sitini na wanne wakatia sahihi, na karatasi nikaificha ndani ya bitana ya koti langu. Asubuhi moja ya baridi kali nilitoka getini kuzungumza na wenzetu wa zamu ya usiku waliokuwa wanaondoka. Nilipogeuka, geti linafungwa. Aliyezungusha ufunguo ni mlinzi. Alinitazama machoni akazungusha. Tangu siku hiyo tukamwita Kufuli, na ndiye mzee wa kitalu wa leo.

Habari hii nimeihubiri kwenye mikutano mara nyingi kuliko idadi ya waliohudhuria. Nawaambia jinsi baridi ilivyonikata mikono hadi viwikoni. Nawaambia jinsi orodha ile ilivyobaki salama ndani ya koti langu, wasiione kamwe, ndiyo maana kwa majina sitini na manne tulifukuzwa mimi na wawili tu, tuliokwisha kujulikana kwa midomo yetu. Hata pini iliyonichoma kidole jioni ile nilipoitoa karatasi naikumbuka. Nilimgombeza mke wangu kwa kushona bitana kwa pini kama mtu mwenye haraka ya kwenda sokoni. Akaapa si yeye. Ugomvi wa pini umedumu katika nyumba yetu kuliko meza yoyote tuliyowahi kununua.

Basi majani ya Kibushuti yalipopukutika na umande ukaanza kuganda juu ya ukingo wa roshani, mimi nikasimama mlangoni nikimtazama kupitia kioo. Uchi. Peke yake. Nje. Mimi ndani na kikombe cha chai.

Nikafungua mlango nikamwingiza.

"Dada alisema abaki nje," mke wangu akasema.

"Dada yako hajawahi kufungiwa nje."

"Wala huo mti haujagoma, baba watoto."

"Kila anayefungiwa nje amegoma."

Akanyanyua mabega, akaendelea kukunja nguo. Nikamweka Kibushuti karibu na jiko, nikamwagilia asubuhi, mchana na jioni. Wiki ya tatu tumba zikapasuka. Nilimwita mke wangu aje aone. Nilisimama kando ya chungu kama mgombea aliyeshinda. Alitazama, akasema, "Mbona mweupe?"

Alikuwa mweupe kweli. Vichipukizi vilirefuka vikawa vyembamba kama nyuzi zilizovutwa na mikono isiyojua kazi, majani yakatoka ya rangi ya maji ya mchele. Baada ya siku nane ncha zikakauka. Kisha yakaanza kujikunja. Tawi la kushoto, lile ambalo shemeji alilipinda kwa waya kwa miaka mitatu mpaka likakubali, likawa jepesi ukiligusa. Udongo ukanuka kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo.

Siku hiyohiyo shemeji akapiga simu. Nyonga imekaa vizuri, alisema, anatembea na fimbo mbili, daktari anamsifu. "Na Kibushuti amelala?"

"Amelala," nikasema.

Mke wangu alinitazama. Mtu aliyelisha wanangu miezi minne, nimemdanganya kwa neno moja. Nikavaa kofia, nikambeba Kibushuti ndani ya kapu la nguo, nikashuka ngazi.

Kitalu kiko kwenye kichochoro, ukuta wake mmoja ni ukuta wa nyuma wa kiwanda. Miche imepangwa ndani ya makopo ya rangi na mifuko myeusi. Mzee alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anapepeta udongo kwa chekecheo. Alikuwa amezeeka. Hilo lilinikera pia, kwa sababu katika mikutano yangu bado alikuwa kijana mwenye mabega.

"Kipaza," akasema, kama aliniona jana.

"Kufuli," nikasema.

Akachukua kapu bila kuuliza. Akamtoa Kibushuti, akamgeuza, akanusa udongo. Akakwaruza gome la tawi la kushoto kwa ukucha. Kahawia. Akashuka, akakwaruza shina. Chini ya gome paling'aa kijani kibichi, kidogo, kama uzi.

"Hajafa," akasema. "Lakini unamuua. Umemweka wapi?"

"Ndani. Karibu na jiko."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na baridi."

Akaweka chungu chini taratibu, akanitazama. "Huu mti unahitaji kulala, na haulali mpaka usikie baridi. Wewe umemwamsha katikati ya usingizi, ukamnywesha, ukamnywesha tena. Ungefanyiwa wewe ungeitisha mkutano."

"Sasa nifanyeje?"

"Mfungie nje."

Nadhani hata yeye alisikia alichokisema, maana alishika chekecheo tena akaanza kupepeta udongo uliokwisha kupepetwa.

"Wewe ndiye wa kuniambia hivyo," nikasema. "Miaka thelathini na mmoja nimesimama nje ya geti lako na baridi yake mikononi."

"Kwa nini mikononi?"

"Nini?"

"Kila mwaka unahutubia pale uwanjani, mke wangu alikuwa anakuja kukusikiliza. Mikono, mikono, hadi viwikoni. Mwenye koti baridi inamkatia wapi mikono?"

Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nipewe jina langu, hakikutoka kitu.

"Ulitoka na shati, Kipaza. Koti lilibaki kwenye msumari wako, chumba cha kubadilishia, karibu na kibanda changu. Mabwana wakaniagiza nipekue makoti yote kabla ya saa nne. Lako nilianza nalo. Bitana imechanika, karatasi imetoa kichwa nje. Nikaona majina. La kwanza lilikuwa la shemeji yangu mimi, kaka wa mke wangu."

"Ukafanyaje?"

"Nikairudisha ndani. Nilikuwa na beji ya kitambaa hapa begani, imeshikwa kwa pini. Nikachomoa mbili nikaibana. Kisha nikalirusha koti juu ya ukuta, hapa hapa mlipokuwa mmejikinga upepo." Akagonga ukuta wa kiwanda kwa kisigino. "Lilikuangukia kichwani. Ukanitukana."

Hapo nikakumbuka. Sikukumbuka kama mtu anayeambiwa. Nilikumbuka kwa ngozi: uzito wa koti ukinipiga usoni, harufu ya mafuta ya mashine, na mimi nikipiga kelele kwamba hata nguo zetu wanazitupa kama takataka. Tukio nilikuwa nalo lote kichwani. Nilikuwa nimelikata hapo tu palipoonyesha mkono wa mtu.

"Kwa nini hukusema?"

"Siku hizo ningesema ningefukuzwa. Baadaye ulikuwa unavuka barabara. Mtu nitaongea na kisogo?"

"Lakini geti ulifunga."

"Nilifunga," akasema. "Sikuwa na ubavu wa kutofunga. Hilo usilifute, uendelee kulisema. Nilifunga."

 Aliinuka, akaniambia nisimtoe Kibushuti nje kwa mkupuo, atashtuka. Kwanza awekwe kwenye ngazi, penye mwanga na ubaridi, siku kumi. Kisha roshani, nyuma ya ukuta, mbali na upepo. Asipewe maji mpaka kidole kikute ukavu. Majani yale dhaifu yataanguka, niyaache yaanguke. Tawi la kushoto lisiguswe, mwenye mti ataamua. Akachota konzi ya udongo wenye changarawe, akaufunga ndani ya gazeti, akaniwekea kwenye kapu.

"Asante," nikasema. 

"Sema tena," akasema, "sikio hili halisikii."

"Yote mawili yanasikia."

Akacheka mpaka akakohoa.

Jioni nilimwambia mke wangu habari ya pini. Aliacha kula. Akasema, "Sema sasa, ni nani aliyeshona kwa pini?"

"Si wewe."

"Sikusikia."

Inaonekana siku hiyo kila mtu alikuwa amepungukiwa na masikio. Nikasema tena.

Ndugu zangu, kungoja ni kazi ngumu kwa mtu wa mikutano. Mti hauwezi kuhamasishwa. Kila asubuhi nilitia kidole kwenye udongo, na asubuhi nyingi jibu lilikuwa hapana, nikaondoka. Baridi ilipopiga roshani nilisimama ndani na kikombe changu, nikamtazama akiwa nje, na nikamwacha. Majani dhaifu yalianguka yote. Hapakubaki kitu ila fimbo. Nilimpigia shemeji nikamweleza kila nililofanya, na uongo wangu pia. Akasema, "Nilijua. Wewe huwezi kusema neno moja tu ukanyamaza. Nikaona, huyu kuna jambo."

Alirudi mwezi wa nne tangu aondoke, siku za joto zimeshaanza, fimbo moja tu. Alipanda ngazi zetu bila kupumzika katikati. Kibushuti alikuwa pale kwenye ukingo wa roshani, na juu ya matawi yote, isipokuwa la kushoto, tumba zilikuwa zimejaa, nyekundu, mbili mbili, na moja ilikuwa imeshafunguka ikaonyesha kiganja kidogo kilichokunjwa.

Shemeji aliinama mpaka pua ikakaribia kulishika jani. Kisha akatoa mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, akalikata tawi la kushoto. Lilivunjika kama kijiti cha kiberiti. 

"Miaka mitatu ya waya," nikasema. "Nisamehe, shemeji."

"Ulimwonea huruma. Nilikukataza." Akageuza chungu ili upande uliokatwa ukae nyuma. "Kazi ya mwaka huu nimeshaipata. Nani alikusaidia?"

"Kufuli."

"Huyo mzee ana jina lake."

"Najua."

"Basi mwite aje aone. Na umwite kwa jina."

Akaja Jumapili mchana, amechana nywele, amevaa koti kubwa ingawa jua lilikuwa linawaka. Alisimama kwenye zulia la mlangoni kama mtu asiyejua kama ameitwa kweli. Nilimfungulia mlango mpaka mwisho, ukagonga ukuta. Nikamwita jina lake. Nikampokea koti, nikalining'iniza kwenye msumari wangu, na langu nikalihamishia kwenye kiti.

Ndani shemeji alikuwa tayari anamgombeza kwamba udongo wake wa siku hizi una changarawe nyingi mno. Mke wangu alikuwa anamimina chai. Mimi nilibaki pale mlangoni kidogo, mkono wangu juu ya bitana ya koti la mzee, nikitafuta mahali palipochanika, kwa sababu shemeji alikuwa na sindano, na uzi wa kila rangi.