Maji ya Mwisho ya Jumamosi

…na Jumatatu watoto wa shule, Jumanne wazee wenye magoti mabovu, Jumatano vijana wa mashindano, Alhamisi tena watoto, Ijumaa baada ya sala wafanyabiashara, Jumapili baada ya misa familia nzima nzima, nimewaandika wote ubaoni kwa mwandiko wangu wa chuoni, programu kamili ya bwawa la kuogelea, anasema Magloire, Prezida wa komite, pisini ya kila mutu, na Jumamosi bado ni nyeusi, chaki iko mkononi mwangu, komite yote inangoja… “Andika tu, mademoiselle Emilienne, Jumamosi mangaribi, bamama,” kwa sauti tamu kama anagawa keki, Jumamosi magharibi, yaani baada ya wote, maji yakiwa yamechoka kwa jasho na mkojo wa Kasongo nzima, kwa sababu mashine ya kuvuta maji mapya itawashwa wanawake wakishatoka, hivyo wamekubaliana sasa hivi, mbele yangu, bila hata kushusha sauti… na mimi nilikuja kuomba kitu kimoja tu, wanawake wanaovuka mto Lualaba kuja sokoni wafundishwe kuogelea na kitenge mwilini, kwa sababu hakuna mtu anayepinduka na mtumbwi akiwa amevaa nguo ya kuogelea, nimesema hivyo, nimesema polepole, na Djamali, mnunuzi wa dhahabu, anayepanda migodini Salamabila kwa pikipiki na kurudi na pesa zilizolipia vigae vya bwawa, ndiyo maana anakaa kiti cha mbele, Djamali amesema, “Kitenge hapana. Rangi itatoka, mutatupikia supu ya bitenge humo ndani,” wakacheka, Magloire akacheka mpaka akafuta macho, supu ya bitenge… kitenge cha Elsa kilikuwa na maua ya njano, hakikutoa rangi, dada yangu alikaa mtoni mpaka jua likageuka na maua yalikuwa njano vilevile, mtumbwi ulijaa vidumu vya mawese, mwanawe Sagesse mgongoni, bado ananyonya, na fundo juu ya matiti, fundo la nyumbani kwetu, vuta mara mbili, chomeka ncha ndani, mama alitufundisha tukiwa bado tunabeba wanasesere wa migomba, halifunguki hata ukikimbia… walipinduka karibu na ukingo, karibu hivi kwamba waliokuwa wanafua waliona uso wake, na Elsa alijua kuogelea, utotoni alikuwa ananipita na kunirushia maji machoni, Elsa, kwa nini hukufungua, mkono mmoja, pumzi moja, ungeogelea, leo ungekuwa sokoni unagombana na watu juu ya bei, nimekuuliza hivyo kila siku tangu walipokikata kile kitenge kwa kisu ili wawatenganishe… ndiyo maana somo la kwanza la wanawake ni kufungua fundo chini ya maji, nimelitungia mapigo ili likae kichwani, shika, vuta, achia, shika, vuta, achia, nalisema nikitembea, nalisema nikipika, mapigo mazuri… “Emilienne, mwanangu,” huyo ni Mama Marie-Jeanne, mkunga, mwanamke wa pili humu ndani, ana karatasi ya masomo yangu, ameishika mbali na macho, “hapa umeandika kufungua fundo.” “Ndiyo, mama.” “Weye ulishabeba mutoto mugongoni, ukavuka naye?” “Hapana, mama.” “Haya. Ukishafungua, mutoto anaenda wapi?” na Djamali anapiga miayo, na Magloire anasema, “Bamama, saa inaenda”… mtoto anaenda wapi, shika, vuta, achia, anaenda wapi kwenye achia, anaenda chini, kwenye maji yenye rangi ya chai, peke yake, ndiko anakoenda, na mimi nimeimba hilo jikoni… Elsa alikuwa na vidole vyepesi, alinisuka nywele bila taa, fundo gani lingemshinda, halikumshinda, alilishika, labda alilishika kwa mikono yote miwili lisije likafunguka lenyewe, ndiyo maana hakubaki na mkono wa kuogelea, na mimi, dada yake, msomi, nilitaka kuwafundisha wanawake wa Kasongo kuwaachia watoto wao, kwa mapigo mazuri… hapana, somo ni lingine, ni miguu, miguu peke yake, mama asimame wima majini kwa kupiga miguu, mzigo ukiwa umefungwa, kidumu cha mchanga mgongoni kwanza, kichwa juu, kichwa cha mtoto mgongoni juu zaidi, mpaka mtu wa ukingoni afike, na hilo halifundishwi kwa nguo ya kuogelea, wala kwa maji ambayo wengine wameyamaliza… “Mademoiselle,” anasema Magloire, “Jumamosi,” kama ananikumbusha jina langu, na Jumamosi iko palepale, nyeusi, hakuna aliyesogea, Mama Marie-Jeanne ananirudishia karatasi na sijanyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza tangu tuwazike sina hasira na Elsa, hata kidogo, natafuta na siioni, hasira ya miaka yote hiyo imebaki bila mwenyewe, inazunguka humu ndani, imeviona viti vya mbele…