Ngurumo ya Jua

Mzee Liberatus alikuwa fundi redio pale Iyunga, na kipimo chake kikuu kilikuwa masikio. Ukimpelekea redio mbovu, anaitegea sikio tu, anakwambia, "Koili imechoka hii." Na kweli imechoka! Sasa sindano za kifua kikuu zilimponya kifua, zikaondoka na masikio. Kila wiki yalizidi kufifia, na daktari alishasema hayarudi.

Binti yake Yudith, mwalimu wa fizikia, hakukubali yazimike hivihivi. Utotoni baba alimtania kwamba hata jua lina redio yake. Chuoni akaja kujifunza kuwa jua hunguruma kweli, na mtu anaweza kujitengenezea mtambo wa kuinasa ngurumo hiyo. Akaapa baba aisikie kabla hajawa kiziwi kabisa. Akavunjavunja redio kuukuu za mzee, akasuka koili, akalehemu mpaka vidole vikababuka, akatandaza waya wa shaba juu ya mianzi uani.

"Mwenzetu anampigia Mungu simu," jirani yao Blandina akacheka. "Ukimpata, mwambie mahindi yanakauka!"

Yudith wala hakujali. "Itavuma kama mvua kwenye mabati, baba!" alimpigia mzee kelele sikioni.

Lakini jua nalo lina maringo, jamani. Likakaa kimya wiki baada ya wiki. Hadi Jumamosi moja mchana, spika ya mtambo ikaanza kuvuma, mvumo ukapanda, ukajaa chumba kizima. Lo! Yudith akatoka mbio, akamvuta baba kutoka uani, akamkalisha, akamvika hedifoni.

Mzee akafumba macho, machozi yakamtiririka. "Naisikia, mwanangu! Kama mvua kwenye mabati."

Yudith akapiga vigelegele. Kisha vikamkatikia mdomoni. Spika bado ilikuwa inavuma, na kwenye mtambo ule, ukichomeka hedifoni, spika hunyamaza. Akatazama chini. Pini ya hedifoni ilining'inia kando ya meza. Kwa kiherehere chake hakuichomeka.

Roho ikamuuma. Akaichomeka taratibu. Spika ikanyamaza, ngurumo yote ikaingia masikioni mwa mzee, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Aliendelea kutikisa kichwa vilevile, macho kayafumba.

"Ndaga, mwanangu," akashukuru kwa lugha ya kwao. "Nimesikia."

Yudith akamshika mkono, akaubana kwa nguvu, maana kumjibu kwa maneno hakukuwa na faida tena.