Bomba la Uani

Mama alikuwa anakataa chakula cha jioni. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemrudisha enzi za baba, na baba tulishamzika siku nyingi. "Baba yenu hajarudi, nile na nani?" Kaka yangu, mbishi tangu tumboni, alimjibu bila kupepesa macho: "Mama, baba alishafariki." Mama akalia upya kila jioni, kama habari imemfikia sasa hivi. Mimi nilimdanganya kwamba anakuja, basi akazidi kungoja. Nguo zikaanza kumpwaya. Daktari akasema akiendelea hivyo atalazwa, alishwe kwa mpira wa puani.

Muuguzi wa kliniki ya wazee hakutaka kuongea na mmoja mmoja. Alitukalisha sote sebuleni: mimi, kaka, na mama jirani aliyeshinda na mama tukiwa kazini. Tukaanza kurushiana maneno mbele ya mgeni, aibu tupu.

"Nani mkweli, nani mwongo, hilo tuliache," akasema muuguzi. "Zamani, mama alijuaje kwamba sasa ni wakati wa kupakua?"

Jirani akacheka. "Si lile bomba! Mtaa mzima tulijua."

Jamani, bomba! Baba alikuwa fundi magari. Alirudi na oili mpaka viwikoni, akasimama uani kujisugua kwa sabuni ya mche na mchanga, huku akipiga mluzi ovyo ovyo. Mama hakugusa upawa mpaka asikie maji yakimwagika. Sisi tulikuwa tumeshakaa mkekani, mate yanatutoka.

Tukagawana kazi: jirani apike, mimi nipange sahani mbele ya mama, kaka afungue bomba akirudi.

"Mimi siigizi marehemu," kaka akaweka ngumu.

"Nani kakwambia uigize?" akasema muuguzi. "Wewe nawa mikono tu. Si unakuja kula?"

Jioni ile maji yakamwagika uani. Mama akanyanyua kichwa. Akavuta sufuria, akashika upawa, akapakua sahani ya baba kwanza, kisha zetu, kisha yake.

"Funga basi hilo bomba, chakula kinapoa!" akaita dirishani, kwa sauti ile ile ya utotoni mwetu.

Akatia tonge mdomoni, akatafuna, akatia jingine. Nilifurahi, nami nikatia langu.

Maji yaliendelea kumwagika. Nikachungulia. Mikono kaka alishamaliza zamani. Sasa alikuwa ananawa uso.