Beryl na Bia Isiyonukia

Tangu homa iliyomlaza kitandani ilipomwacha, Beryl Tranter hakutulia. Alifuta kaunta ambayo ameshaifuta, akashuka chumba cha mapipa, akapanda, akashuka tena. Baa yake pale Netherton, Uingereza, ilipendwa kwa bia nyeusi laini aliyoipika mwenyewe uani, kama baba yake kabla yake. Sasa pua yake ilikuwa imekufa. Kimea kilichokaangwa, hamira, hata vitunguu vya jikoni, vyote kwake vilikuwa hewa tupu.

Hakumwambia mtu. Alipika kwa mazoea ya mikono na kuomba Mungu.

Ijumaa mchana mzee Jabez, mteja wake wa miaka nenda rudi, alipiga funda moja, akaiinua glasi kwenye mwanga wa dirisha. Bia ilikuwa nyeusi, na wekundu wake ukingoni kama kawaida. Akaiweka mezani.

"Bibie, leo umepika kwa miguu?"

"Kunywa, mzee. Ulimi wako umezeeka."

"Umezeeka, sikatai. Ila haujafa."

Wenzake wakacheka. Beryl naye akacheka, akaanza tena kufuta kaunta. Jabez alivaa kofia yake akaondoka, glasi ikiwa haijafika hata nusu. Jambo hilo Beryl hakuwahi kuliona.

Alimwachia dada yake kaunta, akavuka daraja la mfereji hadi gereji ya Royston, mtalaka wake. Walikuwa hawasemezani, lakini ulimi wa Royston aliujua kuwa mkali wa kuonja.

"Siwezi kunusa," alimwambia akiwa bado mlangoni. "Njoo unionjee."

Royston alimtazama, akafuta grisi mikononi. "Ungesema mapema, mama wewe."

Kule chini kwenye mapipa, Royston alionja polepole. Beryl alizunguka mapipa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Hebu simama, unanichanganya. Inaanza vizuri. Mkate uliobabuka kidogo, halafu zabibu kavu. Mwishoni inageuka."

"Inageukaje?"

"Siki. Kama tofaa lililooza upande mmoja."

Beryl akaelewa. Mpira wa kupitishia bia hakuuosha sawasawa. Zamani pua ndiyo iliyomwambia uko safi. Uchachu ulikuwa umeshaingia hadi pipani. Walilimwaga pipa zima kwenye mtaro wa uani, povu la kahawia likienda zake, naye akilitazama kwa uchungu.

Waliufungua mpira, wakausugua, wakatoboa pipa la pili. Royston alikunywa, akanywa tena. Beryl akamnyang'anya glasi.

Hakupata harufu yoyote. Lakini bia ilipita ulimini bila kuukwaruza, nyepesi kuliko weusi wake ulivyotisha. Stauti, ile bia nyeusi nzito, ingemkausha mdomo. Hii iliteleza, ikaacha utamu mdogo pembeni, ikamwita anywe tena. Miaka yote alikuwa akiinusa tu, hajawahi kuisikiliza hivyo. Aliinywa hadi chini.

Jioni aliwaambia wateja ukweli wote. Jabez, aliyerudi kwa udadisi, alikuna kidevu.

"Kwa hiyo ulikuwa unatupikia kwa kubahatisha."

"Nilikuwa, mzee. Nisamehe."

"Basi lete hiyo nyingine tuone."

Siku hizi Royston huja kila pipa jipya linapofunguliwa, wakagombana, akaonja. Pua haijarudi. Beryl bado hupanda na kushuka ngazi, na kila anapopita kwenye sufuria la kimea huinama, akavuta pumzi, akangoja.